Shule Ambayo Kila Mtoto Ana Zamu ya Ufagio

Askari hahitaji kufundishwa maana ya zamu. Anajua kwamba lindo likiachwa wazi hata kwa nusu saa, usingizi wa kambi nzima umo hatarini. Anajua pia maana ya fatiki: kufyeka majani, kupiga deki, kuteka maji, kusugua masufuria ya jikoni. Kazi hizo hazina nishani wala gwaride, lakini bila hizo hakuna kambi inayokalika. Hata hivyo, askari huyo huyo anapomfunganyia mwanawe sanduku na kumpeleka shule ya bweni, akiwa amejinyima mengi ili karo itimie, mara nyingi humuaga kwa maneno haya: "Mwanangu, wewe kasome tu. Kazi za mikono tuachie sisi."

Maneno hayo hutoka katika mapenzi, wala si haki kumlaumu anayeyasema. Mtu aliyechubuka mabega kwa kubeba mizigo hatamani kuona mabega ya mwanawe yakichubuka vivyo hivyo. Lakini mapenzi nayo yapaswa kupimwa kwa matunda yake. Mtoto hurudi likizo akiwa na cheti kizuri, akala chakula kilichopikwa na mama yake, akaiacha sahani mezani na kuondoka, kana kwamba sahani ina miguu ya kujipeleka kwenye maji. Mama huinama akaiokota. Hapo ndipo nyumba nyingi huanza kujiuliza kimoyomoyo ni kitu gani hasa kilichonunuliwa kwa karo ile.

Swali hilo si la Afrika peke yake. Limewahi kuulizwa, na kujibiwa kwa namna ya ajabu kidogo, katika shule moja ya Marekani ambayo watu wengi wangeidhania kuwa ya mwisho kabisa kumpa mtoto ufagio.

Katika jimbo la Connecticut, kaskazini-mashariki ya Marekani, ukingoni mwa mto Housatonic, ipo shule ya bweni iitwayo Kent. Si shule ya serikali bali ya binafsi, na msingi wake ni wa Kanisa la Episkopali. Wanafunzi wake ni mia tano na zaidi, wavulana kwa wasichana, nao hutoka katika majimbo mengi ya nchi ile na katika nchi nyingi za ng'ambo. Karo ya mwanafunzi wa bweni imekwisha kupita dola 60,000 kwa mwaka mmoja, fedha ambazo familia nyingi za huku hazitazishika mikononi maisha yao yote. Mgeni akisikia hesabu hiyo atatazamia kuwakuta watoto wamekaa kama wafalme, watumishi wakipita nyuma yao na vitambaa mikononi. Lakini mila ya Kent tangu kuanzishwa kwake ni kwamba kila mwanafunzi ana kazi aliyopangiwa katika maisha ya shule. Huyu hufagia ukumbi, yule hufuta mbao za darasani, wengine hufanya kazi katika bwalo la chakula, na wengine hukusanya takataka. Hakuna anayesamehewa kwa sababu ya jina la baba yake.

Kabla ya kuendelea, yafaa kueleza kanisa lenyewe, kwa kuwa neno "Episkopali" si geni katika sehemu hizi. Maana yake ni kanisa lenye maaskofu. Waanglikana wa Marekani walilitumia jina hilo walipounda kanisa lao wenyewe mwishoni mwa karne ya kumi na nane, baada ya nchi yao kujitenga na Uingereza. Haikuwezekana tena mapadri wao kuapa utii kwa mfalme wa Waingereza. Waanglikana wa Sudan na wa Sudan Kusini nao hulitumia jina hilo hilo hadi leo. Kwa asili, basi, Kanisa la Episkopali ni tawi la mti mmoja na Kanisa la Uganda, ingawa matawi hayo yamehitilafiana sana kwa miaka mingi juu ya mambo kadhaa ya mafundisho. Kama Waanglikana wa huku walivyojenga shule kando ya makanisa yao, ndivyo walivyofanya wale wa Marekani. Shule zao ni nyingi. Kubwa kwa idadi ni zile za kutwa, zenye watoto wadogo wa mitaani. Chache tu ndizo za bweni na zenye sifa ya utajiri.

Kent ilianzishwa mwaka 1906 na padri aitwaye Frederick Herbert Sill. Alikuwa mtawa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, ambalo ni shirika la watawa wa Kiepiskopali. Wengine wa shirika hilo walifika hata Afrika, wakafungua misheni huko Bolahun, Liberia, mwaka 1922. Padri Sill alivaa kanzu nyeupe ya kitawa, na wavulana wakazoea kumwita "Pater", yaani Baba. Alipofika Kent hakuwa na majengo ya fahari. Alianza na nyumba ya shamba, wavulana wachache, na fedha kidogo.

Shabaha yake ilikuwa wazi. Wakati huo shule za bweni za sehemu zile zilikuwa za watoto wa matajiri, na karo zao ziliwafungia mlango watoto wa makasisi, wa walimu na wa makarani. Padri Sill alitaka shule ya kijana mwenye akili na tabia njema ambaye, akimaliza masomo, atalazimika kujitafutia riziki kwa mikono na kichwa chake mwenyewe. Kwa hiyo alifanya mambo mawili. La kwanza, karo haikuwa moja kwa wote. Mwenye nacho alilipa zaidi, na mwenye kidogo alilipa kidogo, kila mzazi kwa kadiri ya uwezo wake. La pili, kazi za nyumba zilifanywa na wavulana wenyewe. Walitandika vitanda vyao, walifagia mabweni na madarasa, waliandaa meza na kuosha vyombo.

Ni kweli kwamba mpango huo ulipunguza gharama, na pengine gharama ndiyo iliyousukuma mwanzoni. Lakini Padri Sill aliona ndani yake jambo kubwa kuliko akiba ya fedha. Katika shule ambayo mmoja amelipa sana na mwingine amelipa kidogo, utengano ungeweza kuingia kwa urahisi: hawa wakae, wale watumike. Ufagio ulipopewa wote, utengano huo ulikosa mahali pa kusimama. Mtoto wa tajiri na mtoto wa karani walikutana kwenye karai moja la maji ya sabuni, wala mtazamaji asingeweza kutambua ni yupi aliyelipiwa nusu. Juu ya msingi huo Padri Sill aliwawekea vijana wake mambo matatu ya kushika: maisha ya kiasi, nia iliyonyooka, na kujitegemea.

Siku katika shule ya namna hii hufuata kengele, kama vile siku ya kambini inavyofuata baragumu. Asubuhi ni kuamka, kusafisha chumba na kwenda kwenye kifungua kinywa. Yako masomo ya darasani, na ziko nyakati za juma ambapo shule yote huingia kanisani, pamoja na wale wasio wa dhehebu hilo na hata wasio Wakristo, wakakaa kimya pamoja na kusikiliza. Kanisa la Kent limejengwa kwa mawe, na mnara wake una kengele ambazo wanafunzi wenyewe hujifunza kuzipiga kwa zamu na kwa hesabu, kila mmoja akishika kamba yake. Mpigaji mmoja akikosea hesabu, wote huharibikiwa. Mchana baada ya masomo ni michezo, na jioni ni muda wa kujisomea kwa utulivu. Mwaka nao una misimu yake. Majani yanapopukutika kuna mpira na wazazi kuwatembelea watoto. Desemba kuna ibada ya nyimbo za Krismasi. Theluji ikianguka kuna mchezo wa magongo juu ya barafu. Barafu ya mto ikiyeyuka, mashua hushushwa majini.

Mashua hizo ndizo zilizoitangaza Kent katika dunia ya michezo. Padri Sill mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwa mshika usukani wa mashua iliyoshinda mashindano makubwa ya vyuo katika mto Hudson mwaka 1895. Katika mashua ya namna hiyo watu wanane hupiga makasia wakiwa wameupa mgongo upande wanaokwenda. Anayeona njia ni mmoja tu, mshika usukani, naye hapigi kasia hata moja. Wanane humwamini kwa macho yake, naye huwaamini kwa mikono yao. Mwaka 1927 Padri Sill aliwapeleka vijana wake Uingereza kushindana huko Henley, katika mto Thames, na mwaka 1933 Kent ikarudi nyumbani na kikombe. Wenyeji wa visiwa na mwambao wa Ziwa Viktoria hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanajua kwamba mtumbwi hausukumwi na mwenye nguvu peke yake, bali na walio na mwendo mmoja.

Jambo jingine lililoipa Kent sifa ni utawala wa wanafunzi wenyewe. Viranja na wanafunzi wa kidato cha mwisho walikabidhiwa sehemu kubwa ya mambo ya kila siku: kupanga zamu, kukagua kazi, kuonya wazembe. Mwaka 1920 kijana mmoja wa shule hiyo, James Gould Cozzens, aliandika makala ya kuutetea mtindo huo katika jarida mashuhuri la Atlantic Monthly, naye alikuwa na umri wa miaka kumi na sita tu. Cozzens baadaye akawa mwandishi wa riwaya. Ile iliyompatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1949 inahusu siku tatu katika kituo cha jeshi la anga la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, pamoja na taabu za makamanda wanaopaswa kuamua mambo kati ya amri, haki na heshima za watu. Haiwezi kusemwa kwamba riwaya hiyo ilitoka katika ufagio wa Kent. Inaweza kusemwa tu kwamba mwandishi wake alianza mapema kufikiri juu ya madaraka na namna yanavyotumiwa.

Yuko mwingine ambaye wanajeshi wakongwe wataweza kumkumbuka. Cyrus Vance, aliyesoma Kent katika miaka ya 1930, alikuwa Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, na kisha, chini ya Rais Carter, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje kuanzia mwaka 1977. Mwezi Aprili 1980 serikali yake iliamua kutuma kikosi kwenda kuwaokoa Wamarekani waliokuwa wameshikwa mateka huko Tehran. Vance aliona kwamba mpango ule haukuwa wa busara. Alimweleza Rais kwamba atajiuzulu, mpango ukifaulu au usifaulu, na akatimiza neno lake. Kikosi hakikufika Tehran, na askari wanane walikufa jangwani. Kujiuzulu baada ya mambo kuharibika hakuna ugumu mwingi, kwa maana watu hukusifu kwa kunawa mikono. Kilicho kigumu ni kusema mapema, "Nitaondoka hata mkishinda." Huo ndio mfano wa nia iliyonyooka. Wengi wanaweza kuusoma ukutani mwa shule, na wachache wakautimiza siku ya mtihani wa kweli.

Wasichana walingoja sana. Kent ilikuwa ya wavulana peke yao kwa zaidi ya miaka hamsini, hata mwaka 1960 ilipofungua sehemu ya wasichana juu ya mlima, mbali na wavulana. Mwaka 1992 wote waliletwa mahali pamoja. Tangu hapo ufagio hauulizi kama aliyeushika ni mvulana au msichana, na hili pengine ni jambo ambalo nyumba nyingi za huku zingenufaika kulitazama. Si nadra kuona nyumba ambayo dada huosha, hupika na kulea, huku kaka wa umri ule ule akingojea kuitwa mezani.

Wasomaji wa Afrika Mashariki watakuwa wamekwisha kusikia mwangwi wa neno walijualo. "Kujitegemea" ndilo neno alilolichagua Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi 1967, alipotoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Yeye hakulitoa neno hilo Connecticut. Alilitoa katika hali ya nchi maskini ambayo wananchi wake karibu wote walikuwa wakulima. Alihofu kwamba shule zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni zilikuwa zikimng'oa mtoto kijijini na kumfundisha kuidharau kazi iliyomlisha. Akataka kila shule iwe jumuiya inayofanya kazi, yenye shamba au karakana yake, na wanafunzi washiriki katika kuamua mipango ya kazi hiyo. Watu wawili, mmoja mtawa wa Marekani na mmoja mwalimu wa Butiama, wakitengwa na bahari na miaka sitini, waliutambua ugonjwa mmoja: elimu inaweza kumfanya mtu mzigo kwa wenzake huku akijiona kuwa taji lao.

Hapa Uganda nako mbegu hiyo ni ya zamani. Shule ya wasichana ya Gayaza ilifunguliwa mwaka 1905, na ikajulikana kwa desturi yake ya wasichana kulima bustani kwa mikono yao. King's College Budo ilifunguliwa juu ya kilima chake mwaka 1906, mwaka ule ule ambao Padri Sill alikuwa akifungua mlango wa nyumba yake ya shamba. Zote zilitoka katika Kanisa la Kianglikana, na zote zilikusudia kuwalea watu watakaowatumikia wengine. Kwa hiyo hakuna haja ya mtu kudai kwamba jembe au ufagio shuleni ni jambo la kuletewa kutoka ng'ambo.

Hata hivyo, kama mbegu ni moja, mbona mavuno yametofautiana? Watu wengi waliosoma katika shule za Afrika Mashariki hukumbuka kazi za mikono kwa uchungu. Chanzo si ugumu wa kazi. Mtoto wa mkulima au wa askari haogopi jembe. Chanzo ni namna kazi ilivyotolewa. Aliyechelewa alipewa kufyeka. Aliyepiga kelele alipewa kusafisha choo. Aliyefeli hesabu alipewa kulima tuta. Kazi ikageuka kuwa fimbo, na mtoto akajifunza somo lililo kinyume cha lile lililokusudiwa, yaani kwamba kazi ya mikono ni adhabu ya wajinga na wakosefu, na kwamba mwerevu ni yule aliyefaulu kuikwepa. Pengine hata mazao ya bustani hayakuonekana kwenye sinia la wanafunzi, bali yalikwenda njia yasiyoelezwa. Mtoto aliyelelewa hivyo akirudi nyumbani na kuiacha sahani mezani, hafanyi ukaidi. Anaonyesha tu kwamba ameshahitimu somo alilofundishwa.

Askari wanaielewa tofauti hii bila maelezo marefu. Zamu ya lindo si adhabu. Humfikia kila mtu kwa orodha, hodari na mzembe, na kwa sababu hiyo kushika zamu ni heshima. Lakini mkosaji akiamriwa kufanya fatiki peke yake juani huku wenzake wakimcheka, ile ni adhabu, na hapana atakayeipenda kazi ile baada ya hapo. Ufagio ni ule ule. Yote yanategemea kama umekuja kwa orodha au kwa hasira.

Jambo la pili ni nani anayekagua. Kumpa kiranja wa miaka kumi na saba mamlaka juu ya mtoto wa miaka kumi na mitatu ni kumpa silaha. Akifundishwa kwamba yeye ndiye wa kwanza kushika karai, atakuwa kiongozi. Akiachiwa kuamrisha tu, huku nguo zake na viatu vyake vikisafishwa na wadogo, shule imezalisha mnyanyasaji na kumpa beji. Kila afisa mwema anajua kwamba askari huangalia kwanza kama mkubwa wao anakula baada yao au kabla yao.

Na hapa hapana budi kusema ukweli mwingine, usije uzuri wa kanisa la mawe na sauti za kengele ukamlaza mtu usingizi. Kati ya mwaka 2016 na 2017 shule kadhaa za bweni za New England, sehemu ile ile ya Marekani, zikiwamo za Kiepiskopali zenye jina kubwa, zilitoa ripoti za uchunguzi juu ya watoto waliodhulumiwa kimwili katika miaka ya nyuma na watu wazima waliopewa kuwalea. Baadhi ya watoto hao walisema wakati ule ule, wakapuuzwa. Wengine walinyamaza miongo mingi hata wakawa wazee. Walioficha mambo waliogopa aibu ya shule kuliko jeraha la mtoto. Kwa hiyo si karo kubwa, wala sala za asubuhi, wala maneno matukufu yaliyochongwa ukutani yanayoweza kuwa mlinzi wa mtoto badala ya macho na masikio ya wakubwa. Mahali ambapo watu huishi pamoja usiku na mchana ni mahali pa kujenga udugu, na papo hapo ni mahali pa kuumizana mbali na macho ya nyumbani. Mzazi apimaye shule kwa matokeo ya mitihani peke yake amepima nusu ya nguo.

Liko pia swali la fedha. Padri Sill alikusudia kumfungulia mlango mtoto wa mtu wa kawaida, na leo karo ya shule yake imepanda kiasi cha kumshangaza yeye mwenyewe kama angefufuka. Shule kama hizo hutoa misaada ya karo kwa baadhi ya wanafunzi, na hivyo wazo la mwanzo halijafa kabisa. Lakini ni haki kuuliza kama ufagio bado una maana ile ile mahali ambapo walio wengi ni watoto wa wenye nacho. Jibu moja ni kwamba maana imepungua, kwa kuwa kufagia nusu saa hakumfanyi mtu kuyajua maisha ya anayefagia siku nzima ili ale. Jibu la pili ni kwamba maana imezidi, kwa kuwa mtoto wa tajiri ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kujua kwamba uchafu wake haujiondoi wenyewe. Majibu yote mawili yana ukweli, wala moja halilifuti jingine.

Familia za kambini hazina haja ya kungoja shule zibadilike ndipo zianze. Kuna mambo madogo yaliyo ndani ya uwezo wa kila nyumba. Orodha ya zamu iwekwe ukutani, na jina la kijana wa kiume liwemo sawasawa na la dada yake. Na pale ambapo baba yuko nyumbani, si vibaya jina lake nalo likaonekana, japo kwa kazi ya Jumapili. Kazi isitolewe kamwe kama adhabu. Kosa liwe na marekebisho yake, na ufagio ubaki na heshima yake. Mtoto wa bweni akirudi likizo apokewe kwa furaha, apumzike siku mbili tatu, kisha arudishwe kwenye orodha kama askari aliyetoka ruhusa, bila kusimangwa kwa elimu yake na bila kusamehewa kwa ajili yake.

Siku ya kuwatembelea wanafunzi, mzazi asiishie kwenye ofisi ya mwalimu mkuu na karatasi ya alama. Aombe kuona bweni na bwalo la chakula. Aulize ni nani anayefagia, ni nani anayekagua, na kiranja mkosaji hushtakiwa kwa nani. Kisha achukue muda wa kukaa na mwanawe chini ya mti, wawili peke yao, amuulize habari za usiku na si za darasani tu: analala karibu na nani, anamwogopa nani, nguo zake hufuliwa na nani, na kama kuna mkubwa yeyote anayemtaka afiche jambo. Mama aliyezoea kumsikiliza mtoto akisimulia mambo madogo ndiye atakayeambiwa kubwa siku litakapotokea. Baba ambaye kazi imempeleka mbali aandike barua au apige simu, aulize yale yale, na asikilize jibu mpaka mwisho.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa, na kwamba mkono mtupu haulambwi. Shule nayo ni kwao kwa mtoto kwa miaka kadhaa, na atakachopewa humo ndicho atakachorudi nacho. Akirudi na cheti, ni furaha. Akirudi na cheti pamoja na mikono inayojua zamu yake, mama hatainama tena kuiokota sahani.